Presha Nzuri

Jumatatu, 3 Machi

Ugonjwa umepata jina. Amiloidosisi. Nikamwambia daktari wa damu aniandikie, maana kitu kinachotaka kuniua lazima nikijue vizuri. Seli za ndani ya mifupa zinatengeneza protini mbovu, zinaganda moyoni, kwenye neva, hata kwenye ulimi! Na mimi mwaka mzima nalaumu meno kwa kuung'ata.

Ganzi ya mikono nayo ni hiyo hiyo. Kumbe si mkasi. Nimekata vitambaa vya sofa tangu ujana, kila mtu akasema pumzisha mikono, mama. Wakanipasua kiganja. Bure.

Kilichoniuma zaidi ni presha. Mwaka jana ilishuka yenyewe, baada ya miaka tisa ya vidonge. Nikajigamba karakana nzima: nimeishinda! Leo naambiwa haikupona. Moyo ndio umechoka kusukuma. Tulishangilia msiba.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kwa daktari. Nipe hesabu, nikamwambia. Akasema kila mgonjwa ni tofauti. Nikasema mteja akiniuliza sofa litakaa miaka mingapi, simjibu kwamba kila sofa ni tofauti. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Basi ni hivi. Kinachoamua ni moyo. Vipimo viwili vya damu vinaonyesha unavyoumia, cha tatu kinapima hizo protini. Unaanzia hatua ya kwanza, na kila kinachovuka mpaka kinakusogeza moja. Vyangu vimevuka viwili: hatua ya tatu kati ya nne. Zamani nusu ya watu wa hatua hii hawakumaliza mwaka na nusu. Dawa za sasa zimesogeza, anasema. Kiasi gani, hasemi.

Njia ya kwenda mbali zaidi ipo: dawa kali ya kuua seli mbovu, kisha narudishiwa seli zangu mwenyewe zilizotolewa kabla. Ila moyo uwe unahimili. Kipimo kimoja cha moyo kisizidi elfu tano – changu elfu tatu mia tisa, nimepita. Presha, ile namba ya juu, isipungue mia. Yangu themanini na nane.

Nimefeli kwa kumi na mbili! Mimi, niliyeanza na cherehani ya kuazima kwenye baraza la watu!

Watapima tena baada ya wiki mbili. Nimeze dawa ya kutoa maji mwilini, nisiguse chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi, dada wa marehemu mume wangu, ndiye anayenipikia. Maharage bila chumvi hata chembe. Nikamwambia ni kama kula karatasi. "Karatasi haijaua mtu, wifi. Kula." Ana mdomo, lakini ndugu zangu wa damu wako wapi?

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaza. Miaka tisa manesi wananiimbia: mama, acha chumvi, inapandisha presha. Haya. Sasa nataka ipande.

Nimeficha kopo la chumvi kwenye droo ya vifungo. Kijiko asubuhi kwenye maji ya moto, kijiko jioni. Ile dawa ya kutoa maji nimeipumzisha. Kipara, fundi wangu mkuu, akanikuta nakoroga.

"Bosi, sukari hiyo?"

"Sukari."

"Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamwambia akapigilie misumari.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejipima kwa mashine ya nyumbani. Tisini na nne. Si nilisema!

Jumapili, 16 Machi

Tisini na tisa. Viatu haviingii. Nalala nimeketi, nikilala chali pumzi inakata. Wifi kaniangalia miguu: "Hii sasa mito ya sofa." Kisha akaenda kukata kitunguu. Nikachungulia, anafuta macho. Kitunguu chenyewe hakuna.

Ningemwambia. Lakini angelimwaga kopo barabarani, na bado moja tu.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kwenye benchi la kliniki.

Mia moja na nne! Nesi akanipa mkono, hongera mama. Wifi akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Halafu mizani. Nimeongezeka kilo sita. Daktari akanibonyeza mguu, shimo likabaki. Dawa ya maji nameza? Nikasema nameza. Chumvi? Kabla sijafungua mdomo Wifi akadakia: "Daktari, chakula chake napika mimi. Chumvi haionji, naapa!"

Wakachukua damu. Tukasubiri. Majibu ya kile kipimo cha moyo: elfu sita mia mbili.

Daktari akaketi. Akasema kama hakuna sababu nyingine, basi moyo unaanguka haraka, na kwa moyo wa hivyo dawa kali yenyewe itaniua. Inabaki dawa nyepesi. Ametoka kwenda kuzungumza na wenzake, akirudi watakuwa wameamua.

Nikisema ni chumvi, hiyo elfu sita si ya moyo wangu peke yake. Lakini na ile presha ya mia na nne inakufa hapo hapo. Nisiposema, moyo wangu umeshaandikwa kuwa umekwisha. Na huenda kweli umekwisha – nimeuchafua mpaka hakuna anayeweza kuupima!

Wifi amepakata viatu vyangu. Sasa hivi ameninong'oneza: "Wifi, niambie kweli. Ni chakula changu? Nimekulisha nini mimi?"

Mlango umefunguka. Daktari ananiita, na Wifi ameshasimama, anamwambia yeye ndiye aliyenilisha –