Taa Isiyounguza

Mjomba wangu,

Shikamoo. Marahaba yako naijua: ungeitoa puani bila kuinua macho kwenye chochote ulichokuwa unakifungua kwa bisibisi. Ni miaka miwili tangu tukuzike hapa Chanika, na bado nikifika mlangoni kwako nakohoa kwanza, usije ukashtuka ukaangusha skrubu.

Nakuandikia kwa sababu nimeigusa projekta yako. Tena usianze! Ruhusa niliomba kwa Mama Hadija, mkeo, naye akanikabidhi ufunguo wa sanduku. "Ichukue," akasema. "Mwenyewe hakuigusa tangu siku ile, na mimi nimechoka kuifuta vumbi." Nikapanda nayo basi la Korogwe, ninakoishi, nimeipakata njia nzima kama mgonjwa.

Siku ile tunaijua mimi na wewe, na hatukuwahi kuizungumza. Leo nitaizungumza, maana huwezi kuinuka ukatoka nje.

Nilikuwa na miaka tisa. Ulinipeleka Sindeni, kwenye ghala la mahindi, mchana, milango imefungwa na matundu yote yamezibwa kwa magunia. Kabla ya sinema yenyewe ulipenda kuanza na ule mkanda mfupi wa sherehe ya shamba la mkonge, kule ulikokuwa unawaonyesha wafanyakazi sinema mpaka klabu yao ilipofungwa wakakuachia mashine. Watu waliupenda kwa kuwa waliwaona ndugu zao. "Huyo si shemeji huyo! Rudisha, rudisha!" Mimi nilikuwa namsubiri mama. Alipita mara moja tu, muda wa kuhesabu mpaka sita: anatokea kushoto, anainua mkono, anageuka kututazama, anacheka, ameshapita. Alifariki kabla sijajua kutembea, na picha nyingine ya sura yake haikuwepo popote. Kila mara uliniinamia ukaninong'oneza, "Muone mama yako, anakupungia." Nami nilimpungia.

Siku hiyo nikapiga kelele, "Mjomba, msimamishe!"

Ulijua kuliko mtu yeyote kwamba haifai. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ile globu ni jiko, na mkanda unapona kwa sababu unakimbia. Ukisimama mbele yake, umekwisha. Lakini ulinitazama, Mjomba, kisha ukavuta klachi, ule mkono wa kusimamisha mkanda. Mama akasimama akicheka. Nadhani nilimwona kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu doa la kahawia likaanzia shavuni, likatanuka, likatoboka, na ukutani ukabaki mwanga mtupu. Watu wakacheka, wakidhani ndivyo picha ilivyo. Harufu ile ninayo mpaka leo.

Ulikata palipoungua, ukaunga mkanda, ukafunga sanduku. Tangu hapo hukumwonyesha mtu sinema tena. Nilijua umenikasirikia. Na mimi, ngoja niseme, nilikukasirikia vilevile. Mtu mzima anamsikilizaje mtoto wa miaka tisa? Tukaishi hivyo nyumba moja mpaka nikaolewa: shikamoo, marahaba, chakula kipo mezani, basi.

Nikawa fundi. Ulikuwa unajua, ingawa kibandani kwangu hukufika hata siku moja. Wateja bado wananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nawajibu katoka, atarudi ukishajifunza adabu. Redio, pasi, televisheni, nafungua zote bila kupepesa. Ya kwako ndiyo niliiogopa.

Hali niliyoikuta ilikuwa mbaya. Globu ilikuwa imekatika, na za namna ile siku hizi hazipatikani. Waya za ndani zimekauka, ukizikunja zinavunjika kama njiti. Ile transfoma yako ya kushusha umeme ni nzito kama jiwe la kusagia, sijui mgongo wako uliwezaje. Nikaondoa globu, nikaweka taa ya LED, kidude chenyewe hakizidi ukucha wa dole gumba. Nikakibana kwenye bati nene la alumini ili kipoe, nikawa nakisogeza mbele na nyuma siku tatu mpaka mwanga ukajaa sawasawa ukutani. Taa nimeipa pawa saplai yake mpya, nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja. Mota nimeiachia transfoma yako ileile, kwa kuwa inaunguruma kama zamani na sikutaka mashine iwe ngeni kabisa.

Kisha nikakata kipande cha mkanda mtupu, ule wa mwanzoni usio na picha, nikakisimamisha mbele ya taa. Nikanywa chai kikombe kizima. Nikakigusa: vuguvugu. Nikanywa cha pili. Hakikuungua, Mjomba! Hakikujikunja hata pembeni. Nilikaa sakafuni nikalia, mteja akaingia kuchukua pasi yake akanipa pole ya msiba.

Hata hivyo, kipande kitupu si mama. Nikiharibu tena, hakuna cha kukata na kuunga. Wiki nzima nilikuwa nakitazama kile kikopo cha mkanda nilichokikuta sandukuni na kukirudisha kabatini.

Jumamosi nikarudi Chanika. Mchana, sebuleni kwako, nikaziba madirisha kwa mablanketi na kutandaza shuka jeupe ukutani. Mama Hadija alikuwa kwenye kochi, anachambua mchele kwenye mwanga wa mlango. Akaniuliza ghafla, "Hivi unajua kwa nini aliifungia?"

"Alinikasirikia."

"We! Nani alikwambia? Alikuwa hawezi kukutazama usoni. Aliniambia, 'Dada yangu nimemzika mara mbili, na ya pili mwanawe alikuwa anaangalia.'"

"Na wewe ukakaa nayo miaka yote hii?"

"Alinikataza nisiseme. Sasa kafa, atanifanya nini?"

Mjomba, Mjomba. Nyumba moja, ukuta mmoja kati yetu, kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye kosa. Uliivuta klachi ile kwa sababu ulinipenda, na mimi nikaja kulijua hilo ukiwa kaburini. Nimeumia. Nimekukasirikia upya, halafu nikakuonea huruma.

Nikafunga mlango, nikawasha.

Wakapita wapiga ngoma, wakapita wanaume wa mkonge na kofia zao. Akatokea mama upande wa kushoto. Kicheko chake kiliungua Sindeni, hicho sitakipata tena, lakini pale anapoinua mkono pamebaki. Nikavuta klachi.

Akasimama.

Nikasubiri doa. Nikahesabu mpaka sita, mpaka kumi, mpaka nikaacha kuhesabu. Taa hii ina mwanga kuliko ile yako, na nikaona kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Mama hakuwa anapunga. Mkononi ameshika pindo la kanga, analivuta nyuma juu ya bega, na chini ya pindo kuna kichwa cha mtoto mgongoni. Alikuwa anamkinga jua.

"Mtoto gani yule?" nikauliza.

Mama Hadija akaweka ungo chini. "Mtoto gani! Mama yako alizaa wangapi?"

Kwa hiyo haikuwa kwaheri, Mjomba. Miaka yote nilimpungia mama, kumbe nilikuwa mgongoni kwake, kivulini. Wewe hukumzika mara mbili. Hapa alipo amesimama, na mimi niko naye, na wewe ndiye uliyeukata mkanda kwa mkono wa huruma ukaacha sehemu hii salama. Lala bila kinyongo, na mimi sina.

Nilimtazama muda mrefu mpaka Mama Hadija akauliza kama mashine imeharibika.

"Haijaharibika," nikamwambia. "Imesimama tu."

Mpwa wako,
yule aliyepiga kelele Sindeni