Vyombo vya Mama Rehema

Mwanangu Daudi, baba yangu,

Shuleni, kabla sijaishia darasa la tatu, walitufundisha barua inaanza hivi: mimi mzima, hofu ni kwako. Nimeandika hivyo miaka yote bila kufikiri. Safari hii ndiyo nimeona uzito wake, maana tangu tukuzike hofu yangu yote imekuwa kwako. Kufa, watu wanakufa. Wewe umekufa umetengwa.

Najua hukupenda nilitaje. Kanisa lilikutenga kwa ajili ya pombe, ukahamia Sitalike kuziba pancha, na kila ukija nyumbani nakuuliza utarudi kundini lini. Unacheka. "Mama, siwezi kusimama mbele ya kanisa zima na shati la grisi. Ngoja nijisafishe kwanza, Pasaka nitarudi."

Homa haikungoja Pasaka.

Mwinjilisti alikuja kukuzika bila joho. Akaomba kwa kifupi, kengele haikupigwa. Nikajisemea, basi, mwanangu amefika kule mikono mitupu na hana wa kumsemea. Nikaamua nitakulipia mimi. Nimelima shamba la kanisa hapa Kasokola mpaka wenzangu wakanuna, wakasema Mama Daudi anataka sisi tuonekane wavivu. Nimefagia, nimechota maji. Jogoo wako yule mwekundu nimempeleka sadaka, nisamehe, najua ulivyompenda. Mwisho nikamwendea mwinjilisti, nikamwomba anisimamishe mbele ya watu nitubu kwa niaba yako. Akaniangalia kwa huruma. Akasema kitu hicho hakuna, nikapumzike, wewe umeshaachwa kwenye neema ya Mungu.

Hilo neno halikunituliza hata kidogo. Sisi tunasema mwaka wa neema pale mvua imenyesha na mtu amelima. Sasa wewe hukulima, baba. Utavuna nini?

Ngoja nikuambie ya jirani yetu Mama Rehema, unaujua mdomo wake. Wakati wa msiba alituletea chakula kila siku, wali, maharage, ugali na mlenda, kwenye zile hotipoti zake za maua. Watu walipotawanyika nikaziosha, nikazipanga juu ya kabati. Na unajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Unatia viazi, unatia hata konzi ya karanga. Mimi nitie nini? Kila kitu kiliishia msibani. Nikasema nikivuna. Nikavuna, nikapeleka kanisani kwa ajili yako, hotipoti zikabaki pale pale. Nikaanza kumkwepa. Nikisikia sauti yake kisimani, nakaa na ndoo yangu nyuma ya migomba mpaka aondoke.

Wiki iliyopita akaja mwenyewe, hata hodi aliipiga akiwa ameshaingia.

"Mama Daudi, nimefuata hotipoti zangu. Wanangu wanagombania sufuria kama kuku kwa sababu ya adabu yako."

Nikamwambia ukweli, kwamba sina cha kutia, naona aibu. Alikuwa amesimama, akakaa.

"Dada, mimi nilikuletea ule. Ungekuwa na chako, ningekuletea ya nini?"

Akavibeba vyombo vyake vitupu kichwani, huyo akaenda zake, njiani anamfokea mbuzi wa watu.

Mwanangu, nilikaa pale mlangoni nikalia kuliko siku ya kukuzika. Yeye ni Mwislamu, hakujua amenihubiria. Mungu nilikuwa namfanyia vile vile kama yeye. Nilidhani mtu harudi kwake mtupu, na mtoto wangu amerudi mtupu, kwa hiyo nihangaike nipate cha kukutilia. Kumbe Mungu alitujia kwa sababu tulikuwa watupu. Tungekuwa na chetu, angekuja kufanya nini? Wewe ulikaa Sitalike ukingoja shati safi, mimi nikakaa huku nalima ili nikupatie hilo shati. Mama na mtoto, ujinga mmoja.

Sikudanganyi, hofu haijaisha. Mimi ni mama yako. Nikiamka asubuhi inakuja, inakaa hapa kifuani, nami naiacha ikae mpaka niwashe moto. Ila hainiamrishi tena kushika jembe.

Jumamosi nilienda kufagia kanisa. Wenzangu wakaguna, wakajua nimeanza tena. Nilifagia kwa sababu palikuwa na vumbi. Nilipomaliza nikakaa kwenye benchi, ile ya nyuma uliyokuwa unakaa wewe kabla hawajakutenga, na sikumwomba Mungu chochote. Nilimwambia asante, nikaona hata hilo linatosha.

Lala, baba yangu. Nakuahidi jambo moja: sitakulipia tena. Nitakulilia tu.

Mama yako