Mstari Uliopimwa kwa Miguu ya Bibi

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza hali, nikwambie kabisa: tangu mto huu uanze kutiririka haujapata bwana kama mwanao. Nikipita ukingoni samaki wanasimama wima. Kamati ya mafuriko imenikabidhi kofia, king'ora cha kuzungusha kwa mkono, na ile nguzo yako ya kupimia maji. Mtaa mzima wananiita Kamanda. Wewe ulikuwa ukiitwa nani? Mzee wa Nguzo. Umeona tofauti?

Sisi wazima. Bibi magoti tu ndiyo yanamgomea, mdomo hauna ugonjwa. Vumbi la machimbo limekuachia kifua?

Kulikuwa na tatizo moja, nimelimaliza. Msimu huu maji yamegusa mstari wako mwekundu pale nguzoni mara nne. Mara nne nimepiga king'ora, watu wamevuka daraja la miti na magodoro kichwani hadi kilima cha shule, na mara nne maji yamenusa vizingiti yakarudi yalikotoka. Ile ya mwisho kinyozi akaniuliza mbele ya wateja, "Kamanda, leo umeota nini?" Walicheka hadi mmoja akakatwa sikio. Basi nikaomba rangi kwa seremala, nikapaka nguzo upya, inang'aa kama bibi harusi. Na mstari mwekundu nikaupandisha, kiasi cha kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Tangu hapo kimya. Heshima imerudi.

Mwanao,
Kamanda wa Mto

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa lakini mkono bado unaponda mawe. Msalimie sana mama yangu.

Uliikimbia shule kwa sababu ya hesabu, leo unaufundisha mto kuhesabu! Nisikilize. Mstari ule sikuuchora kwa macho. Kabla sijaja huku nilimtembeza bibi yako kutoka mlangoni hadi ng'ambo ya daraja mara tatu, mimi nyuma yake na saa mkononi, yeye akinitukana njia nzima. Hakuna anayetembea polepole kumshinda. Nikaweka mstari pale ambapo, ukipiga king'ora, yeye atakuwa ameshavuka kabla maji hayajalifikia daraja. Ule ni mstari wa miguu yake.

Na mvua za sasa si zile za utoto wangu. Zamani mto ulipanda kutwa nzima. Siku hizi unapanda kabla chai haijapoa. Kama ni kusogeza, ungesogeza chini. Wakikucheka, waache wacheke wakiwa wakavu kilimani. Urudishe leo hii, usingoje kesho.

Barua hii nampa dereva wa lori la kokoto akuletee mkononi.

Baba yako

29 Machi

Mwanangu,

Mko wazima? Redio inasema juzi mto umevunja kingo huko kwetu. Nimepanda juu kabisa ya machimbo kutafuta mtandao, simu ya mwenyekiti wa kamati haiiti. Mama yuko wapi? Mstari uliurudisha kama nilivyokuandikia? Niandikie hata neno moja.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukungojesha. Tope limefika madirishani, karatasi hii nimeomba shuleni.

King'ora nilipiga, Baba. Maji yalipogusa nyekundu tu nilikizungusha hadi ngozi ya viganja ikabanduka. Ungeona watu walivyotimka! Kinyozi alikimbia na wembe mkononi, mteja nyuma yake kichwa nusu upara. Mwenyekiti amesema hadharani, bila Kamanda tungezika mtaa mzima.

Bibi hakuvuka. Nilipomfikia alikuwa nusu ya njia, na daraja lilikuwa limeshakwenda. Nilimbeba mgongoni, nikampandisha juu ya ukuta wa duka la mkaa, nikamshika. Maji yalikuwa na nguvu kuliko mimi. Tulimpata siku ya pili. Tumemzika kilimani, upande wenye kivuli.

Unauliza kuhusu mstari. Barua hiyo haikunifikia, njia zilikatika. Huu mto hauna adabu, Baba, ndiyo hivyo.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Nimesoma. Pole, nawe umeona makubwa.

Usijilaumu. Ulifanya utoto, na aliyepaswa kukurekebisha ni mimi. Mtu akijua mama yake yuko hatarini hatumi karatasi. Anapanda lori mwenyewe. Nilitaka nimalize kwanza rundo langu la mawe. Dereva anaapa kwamba barua aliifikisha. Nimemwita mwongo na muuaji mbele ya wenzake, na sasa hawampi tena mzigo wao wala salamu.

Usinitazamie nyumbani. Nitasimama vipi kwenye kaburi lile? Chakula nakisukuma pembeni.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo Kamanda hayupo, ni mimi tu. Nakuomba ule. Na kabla hujamaliza kusoma, mfuate dereva umwombe radhi, kwa sababu alisema kweli.

Barua yako ilifika siku kumi na moja kabla ya maji. Dereva alinikabidhi mkononi. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikairudia. Rangi nilikuwa nayo, brashi nilikuwa nayo, na hadi kwenye nguzo hazifiki hatua mia. Nikasema kesho. Kesho yake kinyozi akanipigia saluti barabarani, nikaona nitarudishaje mstari mchana kweupe, watu wote wakijua kwamba nilikosea? Nikasema kesho tena. Nilisema hivyo siku kumi na moja.

Bibi alikuwa ameketi hapo hapo anachambua mchele. Unakumbuka, kusoma hakujua. Akaniuliza, "Haya, baba yako anasemaje?"

Nikamwambia, "Anakusalimu. Anasema nguzo imependeza."

Mwanao