Meli Tuliyoiita Mlevi

Miyomboni, Iringa
4 Aprili 1955

Kwa ndugu yangu Asukile,

Salamu nyingi kutoka Iringa. Mimi na watoto tu wazima, mvua haitusumbui na cherehani bado inanilisha. Sijui wewe huko Igawilo mmeamkaje, mama watoto na kahawa yako. Miaka kumi na miwili bila barua ni mingi kwa watu waliolala kitanda kimoja kwa zamu.

Juzi nilimshonea karani mmoja suruali nyeupe, nikaziona sare zetu za Kilindini. Sisi watu wa milimani, hata kuogelea hatujui, tumepewa meli ya kivita! Unakumbuka tulivyoiita Mlevi? Iliundwa kusaka nyangumi kwenye bahari za baridi. Vita ilipokuja wakaipachika mzinga mbele, mabomu nyuma, na juu ya paa vyuma sijui vya nini. Uzito wote kichwani. Hata gatini ilikuwa ikiyumba, na Yotamu akisema, "Huyu ameshakunywa, tumpeleke nyumbani polepole." Kule chini kwenye boila alitia makaa huku akiimba Kihehe, mpaka injinia Mzungu akajua kuitikia.

Sasa sababu ya barua. Mwaka jana, fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga, nilikwenda kama watu wote. Katika umati ule nikakutana na mama yake Yotamu. Akanishika mkono: "Wewe ulikuwa naye. Mwanangu alikufaje?" Serikali ilimwandikia kwamba amefia baharini, basi. Nikasema nina haraka, nikamkimbia.

Asukile, siku ile wewe ulikuwa juu sitahani. Mimi ndiye niliyetoka mwisho kwenye boila zamu yangu ilipokwisha, na maofisa wakakata shauri kwamba ndiye niliyeukomea mlango, Yotamu akashindwa kutoka. Wakanifukuza. Sikumbuki kuukomea, na kuuacha wazi pia sikumbuki. Uliniona? Niambie, nimpelekee mama yule ukweli.

Ndugu yako,
Mrisho

Igawilo, Mbeya
29 Agosti 1955

Ndugu Mrisho,

Ugonile! Sisi wazima, namshukuru Mungu, ila mtoto wa tatu alikuwa na homa. Unisamehe kuchelewa, tulikuwa katika kuchuma kahawa.

Barua yako imenichekesha na kuniliza. Mimi nakumbuka kakao ya alfajiri, na mpishi aliyefunga sufuria ya ugali kwa kamba, bado ikaruka ikamwagikia buti za nahodha. Nakumbuka Yotamu akinifundisha kusimama: "Kunja magoti, Mnyakyusa, jifanye unateremka mlima." Mke wangu huniona nikicheka peke yangu shambani.

Meli ile ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Mlango wa boila ulifungukia nje, tena kwenye sitaha ya chini inayopigwa na maji, yakijaa aliye ndani hawezi kuusukuma, na komeo lake halikushika. Tulimwambia injinia mara tatu. "Tutatengeneza tukirudi." Wa kulaumiwa ni waliouweka hivyo.

Hayo mengine yamepita. Mwache mama yule apumzike.

Ndugu yako,
Asukile

Miyomboni, Iringa
20 Septemba 1955

Ndugu Asukile,

Nafurahi kusikia mko wazima. Mtoto mpe pole. Sisi hatujambo.

Umenisimulia ugali na buti, lakini swali langu hukulijibu. Mama yake Yotamu ametuma mtu tena kuniuliza. Mwisho wa Oktoba nitakwenda Kalenga, nimwambie ni mkono wangu. Hakuna mwingine.

Mrisho

Igawilo
1 Oktoba 1955

Ndugu yangu Mrisho,

Salamu. Afya ninayo, amani sina. Usiende kusema hivyo.

Uliuacha mlango wazi. Nilikuona. Mlango ule ulikuwa na siku ya tatu unajigonga, kila meli ikiinama, pa! pa! Kichwa kilikuwa kinapasuka. Ulipopita nikachukua waya, nikaufunga kwa nje. Nilisema nitaufungua Yotamu akitaka kutoka.

Ndipo wimbi likatupiga ubavuni, Mlevi akalala, na kule chini bomba la mvuke likapasuka. Mimi nilikuwa nimetupwa upande wa pili. Nilimsikia Yotamu anagonga, anaita. Nilipofika na koleo, maji kiunoni, nikaukata waya, alikuwa ameshanyamaza. Waya nikautupa baharini. Maofisa walipokuhoji, nilikuwa nimesimama nyuma yako, kimya.

Tuliporudi bandarini mafundi waligeuza bawaba, wakatoboa na mlango wa dharura juu ya paa. Walianza baada ya chai, kufika mchana wamemaliza. Nilikaa nikawatazama.

Sina la kuomba.

Asukile

Miyomboni, Iringa
11 Februari 1956

Asukile,

Sisi wazima. Natumaini na mtoto wako amepona.

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga duka na mteja yumo ndani. Miezi minne nakuandikia na kuchana. Baba yangu alikufa akiamini amezaa muuaji. Hilo ulijue.

Wiki iliyopita nilikwenda Kalenga nikamsomea mama yake Yotamu. Alikuwa anachambua maharage. Akaniomba nirudie pale pa kugonga na kuita. Nikarudia.

"Kumbe aliita," akasema. "Nilikuwa nafikiri alilala tu ndani ya maji." Akachambua tena maharage machache. Kisha: "Huyo Asukile ana watoto?"

"Wanne, mama."

"Aje aniambie mwenyewe. Karatasi haina macho."

Mimi sijakusamehe, nisikudanganye. Lakini kuingia nyumba ile peke yako sitakuacha. Panda basi la Ijumaa, tarehe 24. Nitakuwa pale linaposhusha abiria. Tutakwenda Kalenga kwa miguu. Njiani sema chochote unachotaka, mimi huenda nisijibu.

Nduguyo bado,
Mrisho