Wamewasingizia Ng'ombe

Jumamosi. Upepo umepiga tangu asubuhi, baridi ya Sumbawanga inaingia mpaka kwenye mifupa, na mlango wa hii intaneti kafe haufungi vizuri. Nimevaa koti, juu yake nimejifunga kitenge. Bado natetemeka, na sidhani kama ni baridi peke yake.

Nina hasira. Leo sitaki kuandika vizuri, nataka kuandika tu.

Mnaonisoma mnajua nafanya kazi kwenye kampuni ya mbao. Zamani kilikuwa kiwanda cha serikali, kikafa, kikabinafsishwa, akaja mwekezaji na mashine mpya. Tunavuna misindano na mikaratusi kwenye mashamba yetu ya miti upande wa Kaengesa, tunapasua, tunauza. Mimi ni afisa uhusiano. Maana yake ni kwamba wanakijiji wakilalamika natumwa mimi, kwa sababu pale ni kwetu. Mama yangu anaishi pale. Mwenyekiti wa kijiji ni baba mdogo Alfonsi, mdogo wake marehemu baba.

Na ni mimi niliyepiga debe kampuni iombe cheti cha mazingira. Mwaka mzima nilimsumbua meneja. Nilimwambia wanunuzi wa nje siku hizi wanauliza mti umekatwaje, maji yamebaki salama, majirani wa msitu wanasemaje. Nilimwambia tukiwa na cheti hatutamwomba mtu atuamini. Mwisho akakubali, nafikiri ili ninyamaze.

Sikumwambia sababu yangu ya kweli. Niliamini kwamba mtu wa nje akija kukagua, ataiona chemchemi.

Kijiji kizima kinakunywa kwenye chemchemi ile. Kampuni ilipanda mikaratusi mpaka ukingoni mwake, na msimu wa mvua uliopita ikaikata yote, trekta zikaburuta magogo pale pale maji yanapotokea. Tangu hapo yanatoka na tope. Mama anateka asubuhi, anaiacha ndoo itulie, mpaka mchana ndipo apikie. Pasaka baba mdogo alikuja kwangu mjini, akagonga meza mpaka vikombe vikaruka. "Waambie mabosi wako wanatunywesha matope!" Niliwaambia. Meneja akasema atalishughulikia.

Jana mkaguzi akaja.

Ni mama wa makamo kutoka Dar, mpole, buti zake zimechakaa kwa kutembea. Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Mimi nilikaa kati yake na meneja, kazi yangu ikiwa kumtafsiria maneno ya wazee wanaopenda kusema Kifipa. Meneja ni mtu wa Mbeya, Kifipa hakijui. Mkaguzi akauliza swali zuri kabisa, la wazi: tangu kampuni ianze kuvuna hapa, maji yenu yakoje?

Baba mdogo akasimama. Akavua kofia. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikasema moyoni, sema sasa.

"Maji ni mazuri," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mkutano. "Kampuni hii ni jirani mwema. Hatuna tatizo nayo hata kidogo. Sasa hivi wametuahidi mabati ya darasa la watoto wetu."

Watu wakapiga makofi.

Mabati! Nikamgeukia meneja. Alikuwa anaangalia mawingu. Mimi ndiye afisa uhusiano, na uhusiano wote ulishamalizwa mimi sipo.

Nilimtafuta mama yangu kwa macho. Alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka, na wanawake wenzake. Akainama, akaanza kukunja pindo la kanga yake.

Mkaguzi akasema angependa kusikia na akina mama. Halafu akasimama Mama Masanja. Familia yake ni Wasukuma waliohamia na mifugo yao, wanalima na kufuga upande wa bondeni. Akasema bila kupaza sauti, "Mimi nateka maji pale kila siku. Ni machafu. Mtoto wangu ameharisha wiki nzima."

Na baba mdogo, baba mdogo wangu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo, akamgeukia. "Wewe umekuja juzi tu na ng'ombe wako! Hao ng'ombe ndio wanaochafua maji. Mnatuharibia chanzo, halafu mnaisingizia kampuni?"

"Kweli!" mtu akadakia huko nyuma. "Waondoke na ng'ombe wao!"

Meneja aliliona tundu akapita. "Ni changamoto tunayoifahamu," akamwambia mkaguzi. "Mifugo. Tuko tayari kusaidiana na kijiji kuiondoa."

Kuiondoa. Kwa hiyo tungepata cheti, na Mama Masanja angepoteza kwake. Mbao zetu zingegongwa muhuri wa kupendeza, na muhuri huo ungekuwa umelipiwa na mwanamke aliyesema ukweli. Na mimi ndiye niliyemwita mkaguzi!

Sikupanga kusimama. Nilijikuta nimesimama. Nikasema Kifipa, kwa sababu nilitaka wao wanielewe kwanza. "Baba mdogo, shikamoo. Pasaka ulipiga meza yangu ukasema trekta zimeharibu maji. Hukutaja ng'ombe. Ng'ombe wameingia lini?"

Baba mdogo akavaa kofia yake.

Mkaguzi akaniuliza, "Umesema nini?"

Meneja akanishika mkono. "Ni mambo ya kifamilia," akasema.

Nikautoa mkono wangu. Nikatafsiri. Neno kwa neno, na Pasaka yake, na meza yake.

Nilidhani watanizomea. Badala yake mama yangu aliinuka, akajikung'uta kanga, akaanza kutembea kuelekea chemchemi. Mama Masanja akamfuata. Mkaguzi akachukua mkoba wake, akawafuata. Basi wote tukaenda, na meneja na viatu vyake vya ofisini.

Pale hakuhitajika mtafsiri. Visiki vinaanzia kwenye maji na kupanda mlima mzima. Njia za trekta zimechimba ardhi kama mifereji, na zote zinashuka kwenye chemchemi. Nyayo za ng'ombe zilikuwepo, sikatai, lakini chini zaidi, kwenye mkondo, mbali na pale tunapoteka. Mkaguzi alichuchumaa, akateka maji kwa kiganja, akayaangalia yakivuja, udongo ukabaki. Akamuuliza mama, "Haya ndiyo mnakunywa?"

"Tungekunywa yapi?" mama akamjibu.

Mkaguzi alimwambia meneja mbele yetu kwamba kwa hali ile cheti hakipo. Visiki vya ukingoni ving'olewe kwa mikono, pabaki nafasi pande zote isiyopandwa miti ya kampuni, irudishiwe miti ya asili, trekta zisipite tena. Wakimaliza wamwite, atarudi. Alisema kwa upole. Hakumtukana mtu.

Njiani kurudi mjini, tulipofika lami, meneja akanigeukia.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Nikatazama nje dirishani.

"Nikuulize kitu. Wale wanaokata mininga kwa magendo, malori yanapita usiku, nani anawakagua? Hakuna. Sisi tumejipeleka wenyewe, tumefungua milango, tumeumbuliwa mbele ya kijiji. Jumatatu nafuta hayo maombi. Na wewe ufikirie kama bado unatufaa."

Kinachoniudhi ni kwamba sehemu ya maneno yake ni kweli. Asiyeomba cheti haulizwi kitu. Anakata, anauza, analala. Anayeomba ndiye anayevuliwa nguo hadharani. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu jana, na kila nikizunguka narudi palepale: bila yale maombi, kuna siku gani ambayo mtu kutoka Dar angechuchumaa pale na kuuliza mama yangu anakunywa nini? Kwa hiyo ndiyo, kampuni za mbao ziombe. Ziombe zote. Lakini anayeomba cheti ili akitundike ukutani, kwanza akanyamazisha watu kwa mabati, huyo ni bora abaki bila cheti tujue tunashughulika na nani.

Darasa linahitaji mabati, najua. Mvua ikinyesha walimu wanawasogeza watoto kona moja. Ndiyo maana hasira yangu kwa baba mdogo haikai sawa. Alikuwa anachagua kati ya maji na paa, na aliyempa chaguo hilo alikuwa amekaa pembeni yangu, anaangalia mawingu.

Lakini Mama Masanja hakuwa sehemu ya biashara ile. Hilo simsamehe baba mdogo. Bado.

Leo asubuhi nilikutana na baba mdogo sokoni hapa mjini, anauza maharage. Nilikwenda mpaka mbele ya gunia lake, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Aliendelea kupima maharage ya mteja. Akamaliza, akafunga mfuko, akapokea hela.

"Shikamoo," nikarudia.

Akaniangalia. "Watoto watanyeshewa," akasema. "Kawaambie wewe."

Marahaba hakuitoa. Katika umri wangu wote, sijawahi kumwamkia mkubwa wa ukoo wetu akaninyima. Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi, wateja wananitazama, halafu nikaondoka. Nililia nyuma ya maduka ya nguo za mitumba, nikafuta uso, nikaja hapa.

Nakiri jambo moja. Naipenda kazi yangu. Napenda meza yangu, napenda harufu ya mbao mbichi asubuhi, napenda mtu akiniuliza nafanya kazi wapi na mimi nikamtajia. Jana nilipokuwa nimesimama sikuyafikiria hayo. Leo nayafikiria kila dakika. Naogopa.

Kesho nitakwenda kanisani na mama, halafu nitampitia Mama Masanja nimjulie hali mtoto. Nitamwomba radhi kwa niaba ya watu wangu, ajibu atakavyojibu.

Na Jumatatu nitaingia ofisini saa za kazi kama kawaida. Sitaandika barua ya kuacha kazi. Nitamwambia meneja asifute maombi, ang'oe visiki. Akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.