Kwa Mama, na kwa Bata Wake Meneja

Mama, leo mwaka umetimia tangu cherehani yako iliponyamaza. Asubuhi ile Baba alidhani uzi umekatika na unatunga mwingine. Akasubiri. Alipoona kimya kinazidi, aliingia na kikombe chako cha chai mkononi, akakukuta umeinamia sketi ya shule ya mtoto wa jirani, pindo limebaki urefu wa kidole tu. Pindo hilo nililimalizia mimi. Halikunyooka, kama ulivyotabiri siku zote.

Mtu wa gazeti aliniambia kwamba kumbukumbu huwa fupi, picha na mistari michache. Nikamwambia mama yetu hakuwa mtu wa mistari michache. Ninayeandika ni mimi, mwanao wa kwanza, mwalimu, yule uliyesema anasahihisha hata salamu za watu. Wadogo zangu wawili, ambao mtaani wanaitwa kwa kazi zao tu, Dereva na Nesi, wamesoma na kukubali. Humu mna jambo ambalo hulijui, kwa sababu lilitokea baada yako. Nivumilie, nitalifikia.

Ulikuwa fundi kwa miaka thelathini na minne katika chumba kile cha mbele chenye dirisha moja. Wanawake walikuja na magauni yaliyowabana, wengine wakilengwalengwa na machozi, na wewe ulishika tepu ukawaambia, "Mwili haukosei, mwanangu. Nguo ndiyo hukosea." Kisha ulifumua mishono, ukapanua, ukarudisha gauni bila kumwambia mtu umeongeza kiasi gani. Siri za viuno vya mtaa mzima umekwenda nazo.

Halafu akaja Meneja.

Mteja wako mmoja alikuletea mayai matatu ya bata bukini kama shukrani. Mawili yalikaangwa. La tatu ulilificha kwenye boksi la vitambaa vya mabaki, chini ya taa, ukawa unaligeuza asubuhi na jioni. Baba, fundi redio mstaafu ambaye hajaacha kufungua redio za watu, alipita mlangoni akakuuliza, "Mama watoto, sasa umeanza kuatamia?" Ukamjibu, "Wewe ulishaacha kunipa watoto. Acha nijitafutie."

Siku ya ishirini na tisa yai likapasuka. Kikatoka kitu kimelowa, kikainua shingo, na cha kwanza kukiona duniani kikawa uso wako, una pini nne mdomoni. Basi, kwisha habari. Alikata shauri papo hapo kwamba wewe ndiye mama yake na pini ndiyo meno ya ukoo. Sisi watatu tulikuwa tumeshahama nyumbani, wenye kazi zetu, na ghafla tukapata mdogo mwenye manyoya.

Alilala chini ya meza, kichwa juu ya mguu wako wa kushoto. Ukiwa unashona, analala. Ukisimama kidogo kutunga uzi, anainua shingo na kukukazia macho, kutaka kujua kazi imesimama kwa idhini ya nani. Dereva ndiye aliyempa jina hilo la Meneja, na hakuna aliyelipinga.

Pasi yako ilimkera sana. Ilipofuka mvuke na kusema ssss, yeye aliona ametukanwa na ndege mwenzake, akanyoosha shingo na kujibu ssss. Ulikuwa unapiga pasi suruali moja robo saa, wewe unacheka, wao wanabishana. Lakini kioo cha kujaribia nguo alikipenda. Alimkuta humo bata mmoja mzuri mno, akawa anampelekea vifungo alivyovidokoa sakafuni na kumwekea miguuni. Yule bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni alisubiri hadi Meneja amalize maongezi. Na alipomaliza akaketi juu ya mkia wa gauni, ukasema, "Tumwache kidogo, amechoka," na bibi harusi wa watu akasimama pale dakika kumi bila kutikisika.

Ulipokwenda duka la nyuzi alikufuata hatua tatu nyuma, kifua mbele. Ukisimama kusalimiana na watu, naye anasimama, anatoa sauti moja fupi. Watu walizoea hata wakawa wanawasalimia wote wawili. "Hujambo, fundi. Shikamoo, Meneja." Akiachwa nje ya duka alijaribu kuruka ili akuone dirishani. Alitimua mbio, akapiga mabawa, akanyanyuka kimo cha kandambili, akarudi chini kwa kishindo. Kisha aligeuza kichwa huku na huku kutazama kama kuna aliyeshuhudia.

Baba alijitia kumchukia. "Huyu ndege ananitazama kama mgeni aliyepitiliza siku," alilalamika. Lakini kila asubuhi kipande cha mkate wake kilidondoka nyuma ya kiti, na kila asubuhi Baba alishangaa kimedondokaje. Wewe ulijua, ukanyamaza.

Mama, moyo wako ulipoanza kuchoka, daktari alikutaka uache kukanyaga cherehani na ukae karibu na hospitali. Mimi ninakaa karibu na hospitali, ghorofa ya tatu. Nilitayarisha chumba, nikatundika mapazia ya kijani kwa sababu unapenda kijani, nikaja kukuchukua. Ukasema, "Na Meneja nimwache na nani? Kule kwenu ndege hawaruhusiwi." Nilikuja mara tatu na mara tatu ulinipa jibu hilohilo. Mara ya tatu nilikuambia, "Mama, unachagua bata kuliko wanao." Ukatabasamu ukaendelea kushona ukosi. Niliondoka bila kunywa chai yako. Wiki nne baadaye Baba alinipigia simu.

Sasa nimefika.

Siku ya mazishi yako Meneja alisimama kwenye mlango wa chumba cha kazi tangu alfajiri, anaita. Hakuacha. Watu walifurika kuliko tulivyotegemea, na Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa ametoka mbali na kushika usukani wa jikoni, alinijia akifuta mikono. "Kuku wamekwisha na watu bado wanaingia," akasema. "Na yule bata je?"

Shangazi hakujua. Mtu yeyote wa mtaa ule angejua, ila yeye hakujua. Nilimtazama Meneja, nikasema, "Mchukueni."

Sikuchanganyikiwa, Mama. Watu wamenipa kisingizio hicho mara nyingi na ningependa kukipokea, lakini nilikuwa na akili zangu timamu. Niliona kwamba kama si yeye ungekuwa hai, unalalamikia mapazia yangu. Nilitaka anyamaze. Na alipoletwa kwenye sahani nilikula, tena nilikula paja. Nyama ilikuwa ngumu na nikaitafuna yote.

Jioni watu walipopungua Baba aliuliza, "Meneja yuko wapi?" Shangazi akanitazama. Dereva, aliyekuwa ameona manyoya nyuma ya nyumba, akafungua mdomo, nami nikamuwahi. "Ameruka ukuta, Baba."

Ndege ambaye hajawahi kupita kimo cha kandambili. Baba aliutazama ukuta, unaomzidi yeye kwa urefu, akautazama sana. Kisha akasema, "Basi uchungu umempa nguvu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda mwaka mzima, na aliyeitembea ni Baba. Kila siku saa kumi alasiri alichukua bakuli la pumba zilizolowekwa, akatoka. Alipita duka la nyuzi, akapita shule, akapita kwa mziba matairi, akarudi kwa njia ya nyuma, akiita. Kwenye nguzo ya dukani alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: "Amepotea bata bukini, mweupe. Anaitikia jina la Meneja. Hapendi pasi." Mvua ikaichana, akaandika nyingine. Watu waliokuwa wakicheka mwanzoni wakaacha, wakawa wanamwambia, "Leo hatujamwona, mzee, labda kesho." Wengi wao walikula pale msibani siku ile, na wengine nadhani walijua.

Mwezi uliopita aliteleza kwenye mtaro akaumia goti. Nesi akalifunga, akamsihi apumzike wiki mbili. Akakubali, na kesho yake akatoka na fimbo. Nesi alinipigia simu. "Dada, mimi siwezi kutibu goti ambalo wewe unalitembeza. Mwambie, la sivyo nitamwambia mimi."

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita nilikwenda. Nilimkuta kwenye chumba chako. Siku hizi anafanyia kazi mezani pako, ameweka redio ya mtu, imefunguliwa matumbo yote nje. Niliketi kwenye kiti cha wateja nikamwambia kila kitu, tangu jikoni hadi ukutani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka bisibisi chini.

"Mimi nilikula?" akauliza.

"Hapana, Baba. Siku ile hukutia kitu mdomoni."

Akashusha pumzi. "Na kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu Mama alikataa kuja kwangu kwa ajili yake."

Aliokota skrubu moja, akaitazama, akairudisha.

"Mama yako hakukataa kwa ajili ya bata," akasema. "Alikataa kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyemwambia sihami. Nilimwambia kule ghorofani nitakuwa mtu wa kukalishwa kitini na kuulizwa kama nimemeza dawa. Akasema basi, hawezi kuniacha peke yangu. Nikamwomba asikwambie, maana nakujua, ungenijia juu. Akacheka. Akasema, 'Nitawaambia ni Meneja. Yeye hatajitetea.'"

Mama, niligeuka nikakitazama kile kioo alichokuwa akikipelekea vifungo.

"Kila siku natoka kumtafuta," akasema Baba, "kwa sababu alibeba lawama yangu. Nilisema nikimpata, huyo angalau nitamtunza. Ningelikuja kwako na mama yako, pengine angekuwepo. Nawe ungekuwa hukufanya ulilofanya."

"Baba, daktari alisema pengine. Hakusema hakika."

"Najua alivyosema. Nilikuwepo."

Tulilia, Mama. Wote wawili, mezani pako, redio ya watu katikati. Nilimwomba msamaha wa mwaka mzima wa miguu yake na goti lake. Aliniomba msamaha kwa siku tatu nilizokuja nikarudi mikono mitupu. Sasa ninakuomba wewe, mbele ya watu wote wanaosoma gazeti hili. Nilikuambia unachagua bata kuliko wanao, na wewe ulikuwa unamsitiri mume wako. Nikamuua kiumbe ambaye kosa lake lilikuwa kukufuata hatua tatu nyuma. Nisamehe. Ulifumua mishono mingi mibaya ya watu bila kuwaaibisha, na huu wangu sina wa kunifumulia.

Saa kumi ilipofika Baba alisimama, akachukua bakuli la pumba na fimbo.

"Baba," nikamwambia, "nimekuambia hayupo."

"Nimesikia," akasema. "Miguu bado haijasikia."

Nikambebea bakuli. Tulipita duka la nyuzi, tukapita shule, watoto wakamwamkia. Mziba matairi alituona wawili, akafungua mdomo aseme lile lake la kila siku, kisha akaacha. Baba hakuita hata mara moja. Alitembea ameinamisha kichwa, na kwenye njia ya nyuma, ambako hakuna watu, kile kimya kikanishinda nikaita mimi. Niliita "Meneja" mara moja tu, sikujua hata naitaje.

Baba akasimama. Aliegemea fimbo, akafumba macho.

"Unaita kama mama yako," akasema. Kisha akaongeza, "Ita tena."

Unakumbukwa na mume wako, fundi redio, ambaye mwezi ujao anahamia kwangu, kwenye mapazia ya kijani, kwa sharti kwamba asiulizwe habari za dawa. Unakumbukwa na mimi mwalimu wako, na Dereva, na Nesi. Na wajukuu wako wanne. Na Shangazi, ambaye hana kosa lolote katika haya na tunaomba asiulizwe. Na wateja wako wote, wembamba na wanene, uliowaambia kwamba mwili haukosei.

Maisha yetu yote, Mama, tutakukumbuka.