Salvia ya Bibi Yako

Mjukuu wangu Asifiwe,

Marahaba, na salamu nyingi toka Arlington. Babu yako hajambo. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, mara ya kwanza tangu tumzike bibi yako.

Unaniuliza kama uikate salvia, kile kichaka cha maua ulichokichukua kwa marehemu bibi yako Mansfield ukaenda nacho Houston, maana maua aliyoyaona yeye yote yamekauka. Nimekupita miaka michache tu, lakini mimi ni mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo ubibi umenikuta kijana. Swali lako nami niliwahi kuwa nalo.

Baba yetu alipofariki hapa, nikiwa bado shuleni, aliacha kichaka kama hicho. Matanga yalipoisha tulinyoa nywele, kama ilivyo desturi yetu, kisha dada, huyo bibi yako, akatoka nje na mkasi.

"Usiguse maua ya baba!"

"Mdogo wangu, haya sasa ni mbegu. Mmea ukishapata mbegu unaona kazi imekwisha, hautoi maua tena. Wewe umenyolewa, huu ubaki matangani?"

Akakata kila kitawi kilichokauka, juu kidogo ya majani mabichi. Nilimkasirikia siku kadhaa.

Kichaka kilichanua tena. Hayakuwa maua aliyoyaona baba, na hapo ndipo nilipolia kuliko siku ya mazishi. Lakini maji nilimwagilia mimi.

Nywele nilizonyoa tulipomzika bibi yako bado hazijaota vizuri. Kata, mjukuu wangu. Yakichanua nipigie simu, tulie pamoja.

Bibi yako mdogo